Damu Iliyokauka Kwenye Karatasi

Malaria ikijaa haina haja ya kutafutwa. Wodi ya watoto inasema yote. Ikipungua ndipo kazi inapoanza. Kilifi, pwani ya Kenya, watoto waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 18 hivi kwa kila watoto 1,000 mwaka 2003 hadi 3 hivi mwaka 2007. Malaria ikishapungua hivyo, waweza kudunga vidole vya kijiji kizima usione kimelea hata kimoja kwenye hadubini. Maambukizi yamekoma, au umefika siku isiyofaa?

Hapo hutazamwa kingamwili, ambazo hubaki damuni muda mrefu baada ya vimelea kutoweka. Tone la damu hudondoshwa kwenye karatasi ya chujio, likaachwa likauke vizuri, na kwa unyevu wa hewa ya pwani hilo si jambo dogo. Maabarani kinatobolewa kiduara cha milimita chache na kulowekwa usiku kucha. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, vimepakwa protini ya kimelea, tuseme AMA-1. Halafu yaja maziwa. Naam, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, hukorogwa na kumiminwa yajaze nafasi zilizobaki, kingamwili zisinate ovyo. Hatua hii naipenda kuliko zote. Kisha damu iliyozimuliwa, kuosha, kiashiria, kuosha tena, mpaka rangi itokee. Anayeosha kwa pupa atapata rangi ya uongo, na mashine itaisoma bila kumwonea haya.

Rangi ya mtu mmoja haisemi mengi. Ustadi ni kuzipanga rangi za watu wengi kwa umri. Watoto wa chini ya miaka kumi wakiwa hawana kingamwili na wazazi wao wanazo, malaria ilikuwapo hapo, kisha ikapungua. Wachanga huachwa nje, maana wangali na kingamwili za mama zao. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walisoma historia ya namna hiyo katika vijiji vya miinuko mbalimbali kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Lakini kingamwili nazo huchakaa. Mwaka 2012 Francis Ndungu wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust na wenzake walichapisha habari za watoto wa Ngerenya, hukohuko Kilifi, ambako maambukizi yalikuwa yamekoma kwa miaka kadhaa: kingamwili zilikuwa zimefifia, ilhali chembe za kumbukumbu zinazowezesha kuzitengeneza tena zingalipo. Kwa hiyo anayesoma sahani asiharakishe kusema mtoto hajawahi kuumwa na mbu mwenye malaria.

Na Mtwapa, mji wa wapangaji kusini mwa Kilifi, una mtego wake. Kingamwili hazisemi zilipatikana wapi. Dodoso zuri huuliza umezaliwa wapi, umekulia wapi, umesafiri lini, na muulizaji awe tayari kwa jibu refu: amezaliwa Siaya, akasoma Mombasa, na mwezi uliopita alilala wiki nzima Kaloleni, msibani.