Pongezi kwa Walimu wa Feroseni

Mwaka 1951, wanakemia Kealy na Pauson wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Marekani, walikuwa wakitafuta msombo uitwao fulvaleni. Wakapata feroseni, atomu ya chuma iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni tano tano. Utafiti wa misombo ya namna hiyo uliwapa wanakemia Fischer na Wilkinson Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Nawapongeza kwa dhati walimu wanaowaachia wanafunzi watengeneze feroseni wenyewe. Mwanafunzi hufukuza hewa kwa nitrojeni, maana oksijeni huharibu mchanganyiko upesi. Kisha huupasha moto polepole unga wa feroseni uliopatikana, na fuwele za rangi ya machungwa huota kwenye kioo baridi bila tone la kimiminika. Mwalimu husimama kando, akimwacha ashike vifaa mwenyewe.