Wimbo wa Sita: Ujanja wa Motörhead Katika No Remorse

Kampuni ya kurekodi ikianza kudai mkusanyo wa vibao vya zamani, mara nyingi imeshaikatia tamaa bendi yenyewe. Mwaka 1984 Motörhead walikuwa wamefikia hapo. Mpiga gitaa Eddie Clarke aliondoka 1982, mrithi wake Brian Robertson hakudumu, kisha mpiga ngoma Phil Taylor naye akafungasha virago. Akabaki Lemmy na besi lake, na sura tatu mpya: Würzel na Phil Campbell kwenye magitaa, Pete Gill kwenye ngoma. Kampuni yao, Bronze, ilipotaka mkusanyo, Lemmy alishikilia mambo mawili: nyimbo atachagua yeye, na kikosi kipya kitarekodi nyimbo nne za kuongezea.

No Remorse ilitoka Septemba mwaka huo: santuri mbili, nyimbo 24, sita kila upande. Ujanja wote umo kwenye mpangilio. Pande tatu za kwanza zinafunguliwa na nyimbo zilizobeba majina ya albamu: "Ace of Spades", "Bomber", "Overkill". Wa nne unaanza na "Louie Louie", singo yao ya kwanza kwa Bronze. Mnunuzi keshapata alichokifuata. Ndipo kila upande unafungwa na wimbo mpya: "Killed by Death", "Snaggletooth", "Steal Your Face", "Locomotive". Kuukwepa, inabidi uinuke kitini ukaondoe sindano mwenyewe.

Hilo lina gharama yake. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, ndivyo urefu wa mfereji unaopita chini yake kwa kila sekunde unavyopungua, na sauti kali kama za matoazi huanza kukwaruza. Ndiyo maana wengi huweka wimbo wa taratibu hapo mwisho. "Killed by Death" haidhuriki: inakwenda kwa mwendo wa kati, gitaa likirudia mkong'oto uleule mzito, na kiitikio chake hata mlevi hakimshindi. "Locomotive" inakimbia mno kwa nafasi ile.

Katika za zamani, tatu zimetoka jukwaani: "Motorhead", "Iron Horse" na "Leaving Here". Zote walizirekodi studio kabla ya kujiunga na Bronze, kwa hiyo kampuni ikachukua kilichokuwa ghalani mwake. Sioni hasara. "Motorhead" imetoka No Sleep 'til Hammersmith, albamu iliyoshika namba moja Uingereza 1981, na mbele ya umati ina hasira zaidi. Mwenye albamu zote naye hakusahaulika: "Too Late Too Late" na "Like a Nightmare" zilikuwa upande wa pili wa singo za 1979, na "Please Don't Touch" waliimba na kina dada wa Girlschool.

Panapopoa ni katikati ya upande wa pili, "Shine" na "Dancing on Your Grave" za enzi ya Robertson zinapofuatana. Gitaa lake lina madoido ambayo Clarke hakuwa nayo. Mimi ningezitenganisha.

Leo nyimbo zinasikilizwa kwenye simu, na hakuna pande tena. Nyimbo mpya zimebaki namba 6, 12, 18 na 24, na kidole kimoja kinatosha kuziruka.