Je, -ME- ni "have"? Uhakiki wa jedwali tulilolizoea

Kuna jedwali ambalo takribani kila mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili kwa njia ya Kiingereza amelinakili daftarini. Upande wa kushoto kuna -na-, -li-, -ta- na -me-. Upande wa kulia kuna tafsiri zake, na mbele ya -me- pameandikwa "have/has". Mimi mwenyewe nimelifundisha jedwali hilo kwa miaka mingi. Makala haya yanakusudia kulihakiki, kwa sababu naamini limetufanya tuwakosoe wanafunzi pasipo kosa.

Nianze na kisa. Nilipokuwa nikisahihisha mitihani, nilikuta sentensi hii: "Mgeni amefika jana, yumo chumbani." Nikapiga mstari mwekundu chini ya "amefika", nikaandika pembeni "alifika", nikakata alama mbili. Baadaye mwanafunzi alikuja ofisini akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kosa langu liko wapi?" Nikamjibu kwamba hali timilifu haikai pamoja na neno "jana". Alishukuru, akaondoka. Nilipobaki peke yangu nikajiuliza: kanuni hii nimeitoa wapi? Jibu ni kwamba nimeitoa katika Kiingereza.

Katika Kiingereza kanuni hiyo ni ya kweli. Huwezi kusema "The guest has arrived yesterday". Timilifu ya wakati uliopo katika lugha hiyo hutazama kipindi ambacho bado kimefunguka hadi sasa. Kwa hiyo hupatana na vielezi kama "already", "just", "yet", "so far" na "since Monday", lakini hukataa "yesterday", "last year" na "two days ago", kwa kuwa vipindi hivyo vimekwisha kufungwa.

Hata vibainishi huingia katika mpango huo. Linganisha "I have seen him twice this week" na "I saw him twice that week". Wiki hii haijaisha, wiki ile imekwisha. "This" ilipogeuka "that", kitenzi nacho kikageuka. Vivyo hivyo, Mwingereza husema "I have seen him this morning" ikiwa bado ni asubuhi. Ikifika alasiri husema "I saw him this morning".

Sasa turudi kwetu. Mtu anaweza kusema jioni kabisa, "Nimemwona leo asubuhi", na hakuna atakayeshtuka. Kiambishi -me- hakiulizi kama kipindi kimefungwa. Kinachouliza ni kama matokeo ya tendo yapo. "Mgeni amefika jana" maana yake ni kwamba alikuja na yupo. "Mgeni alifika jana" hutaja tukio tu. Huenda yupo, huenda ameshaondoka. Sisemi kwamba -li- pamoja na "jana" ni kosa, na najua kuwa katika maandishi rasmi wengi huipendelea. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wangu aliongeza "yumo chumbani", na -me- yake ilikuwa inasema jambo hilohilo.

Kasoro ya pili ya jedwali inaonekana katika vitenzi vya hali. "Mtoto amelala" si "The child has slept", bali "The child is asleep". "Amevaa kanzu" ni "is wearing", na "amesimama mlangoni" ni "is standing". E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alikwisha kuihusisha -me- na kukamilika kwa tendo pamoja na hali inayotokana nalo. Jedwali letu lilichukua nusu ya kwanza ya maelezo hayo na kuiacha nusu ya pili.

Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi. Bernard Comrie, katika kitabu chake *Aspect* cha mwaka 1976, aligawa maana za timilifu katika makundi manne: matokeo, uzoefu, hali inayoendelea tangu zamani, na tukio la karibuni. Kiingereza hubeba yote manne kwa umbo la "have", kisha vielezi husaidia kuyatenganisha. Kiswahili kina njia kadhaa. Matokeo: "Amefika." Uzoefu: "Amewahi kufika Mombasa." Hali inayoendelea: "Anaishi hapa tangu mwaka 2004", au "Amekaa hapa miaka mingi." Tukio la karibuni: "Ndiyo kwanza amefika", au "Ametoka kula sasa hivi." Mwanafunzi aliyeshikilia "have" peke yake atatafsiri "I have lived here since 2004" kwa -me-, na atadhani "anaishi" ni kosa. Akigeukia Kiingereza, ataandika "I am living here since 2004". Jedwali limemponza pande zote mbili.

Kuhusu vibainishi, Kiswahili hakina "a" wala "the", lakini hilo halina maana kwamba tofauti hiyo haitajwi. "Nimesoma kitabu" huweza kuwa kitabu chochote. "Nimekisoma kitabu" huelekea kwenye kitabu tunachokijua mimi na wewe. Kazi ambayo Kiingereza hukipa kibainishi, hapa imesaidiwa na kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Hali kadhalika "already": aghalabu imo ndani ya "ameshafika", ambayo asili yake ni "amekwisha fika". Na "yet" imo katika -ja- ya "hajafika", iwe "bado" imetajwa au haikutajwa. Anayetafuta neno moja kwa kila neno hataviona viambishi hivyo.

Hapa kwetu Uganda kosa hili lina ubaya wa ziada. Mwanafunzi anayezungumza Luganda ana "sinnalya" kinywani mwake tangu utotoni. Hiyo ni "sijala", na wazo la "bado" limo ndani ya kitenzi kama katika Kiswahili. Badala ya kumvusha hatua moja kutoka lugha dada, tunampeleka kwanza "I have not eaten yet", kisha tunamtaka arudi. Akipotea njiani, tunamkata alama.

Jambo hili si dogo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaoifanya kazi hiyo ndio hawa tunaowafundisha. Wakienda na jedwali hilo, watalinakilisha madarasa mazima, na kalamu nyekundu itaendelea kukosoa sentensi zilizo sahihi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, -me- ifundishwe kwa swali: je, matokeo ya tendo yapo? Pili, -mesha-, -ja-, "bado", -wahi na "ndiyo kwanza" vifundishwe pamoja kama familia moja. Tatu, tusisahihishe sentensi ya Kiswahili kwa kuitafsiri kichwani kwanza.

Mwanafunzi yule nilimwita tena, nikamrudishia alama zake mbili na kumweleza kuwa kosa lilikuwa langu. Madaftari mengine niliyoyapigia mstari miaka iliyopita sina namna ya kuyarudisha. Mwenzangu anayeona vinginevyo namkaribisha aandike katika toleo lijalo, tuendelee kujadiliana.