Buzwagi na Ibara ya 30: Maslaha Anayapima Nani?

Ndugu zetu wengi wakiishika Katiba ya Tanzania huisoma Ibara ya 19, ile ya uhuru wa kuabudu, kisha wakaifunga. Tunawaomba wafike Ibara ya 30.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba hiyo mwaka 1984. Ibara ya 24 yamlinda mtu na mali yake: asinyang'anywe ila kwa sheria yenye fidia ya haki. Maneno mazuri, nayo yaafikiana na khutba ya kuaga, ambamo Mtume (s.a.w.) alitangaza uharamu wa damu na mali za watu. Lakini Ibara ya 30 yasema haki hizo hazibatilishi sheria iliyotungwa kwa manufaa ya umma, na miongoni mwa manufaa hayo imeyataja madini kwa jina. Mkulima wa Kahama ambaye shamba lake liko juu ya dhahabu aisome kwa makini.

Hatuyakatai maslaha. Wanachuoni wamekubaliana kuwa amri ya mtawala kwa raia hufungamana nayo, na Wamaliki, kwa kauli yao mashuhuri, wameyaweka madini mikononi mwa imamu. Tunachokosoa ni mizani. Sayyidna Umar (r.a.) aliitaka nyumba ya Al-Abbas (r.a.) ili aupanue msikiti wa Madina (na ni manufaa gani yashindayo hayo?). Al-Abbas akakataa. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab (r.a.), naye akahukumu dhidi ya Khalifa. Ndipo Al-Abbas akaitoa kwa hiari yake.

Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Daudi Pete (1991), ilisema sheria inayobana haki isiwe ya kionevu wala isivuke kiasi cha haja. Vyema. Ila kadhi hupima alicholetewa. Mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini London, Februari 2007. Mbunge Zitto Kabwe alipotaka uchunguzwe, Bunge lilimsimamisha Agosti mwaka huohuo. Ibara ya 100 humlinda mbunge na vyombo vya nje ya Bunge. Bunge lenyewe likimwadhibu, haimsaidii. Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe. Saini ilikuwa imekwishawekwa, na dhahabu ya Buzwagi ikazalishwa tangu 2009 hadi 2021.