Sanamu ya Mtu Anayesikiliza

Fundi wa sanamu huanza na mifupa. Hukata vyuma, akavikunja na kuvifunga kwa waya mpaka visimame kama kiunzi cha mtu, kisha huvivisha udongo wa mfinyanzi, konzi baada ya konzi. Anayepita karakanani siku hizo huona donge tu. Lakini fundi ameshaamua jambo kubwa kuliko yote: uzito wa mwili uangukie mguu upi, na shingo ielekee wapi. Uso huja baadaye. Mtu tunayemfahamu tunamtambua kwa mbali kwa jinsi anavyosimama, kabla hatujaona pua wala macho, na fundi anayeijua kazi yake hulilinda jambo hilo tangu konzi ya kwanza.

Nausifu ufundi huu nikiwa Kericho, kwenye vilima vya chai, kwa sababu hapa petu pana mtu ambaye ningependa umfikie.

Nairobi zipo sanamu za watu waliowahi kushika kalamu, ingawa si kalamu iliyowasimamisha pale. Jomo Kenyatta, aliyeandika Facing Mount Kenya mwaka 1938, ameketi mbele ya jumba la mikutano la KICC. Mwingereza James Butler alimwonyesha kama mtawala. Dedan Kimathi, mwalimu aliyeendelea kuandika barua hata alipopigana na wakoloni msituni, ameshika bunduki. Sanamu yake, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu wakoloni walipomnyonga. Tom Mboya, mwenye kitabu Freedom and After cha mwaka 1963, yuko Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Oshoto Ondula alimzungushia ndege aina ya heroe, na sanamu ikazinduliwa Oktoba 2011.

Tazama walichofanya mafundi hao. Maisha ya mtu ni marefu na yana mengi, nayo shaba haiwezi kuyasimulia. Fundi hulazimika kuchagua tendo moja la mwili, akaliachia libebe mengine yote. Mtawala huketi, mpiganaji hushika silaha. Ugumu huja kwa mwandishi, maana kazi yake haionekani kwa macho. Ndiyo sababu wachongaji wengi hukimbilia vitabu. Shakespeare aliyesimamishwa Leicester Square, London, mwaka 1874 ameegemea rundo la vitabu huku akionyesha karatasi kwa kidole. Anayepita atajua kwamba huyu aliandika. Aliandikaje, hilo hataambiwa.

Mtu ninayemfikiria ni Taaitta Toweett. Wengi humkumbuka kwa siasa: mwanzilishi wa Kalenjin Political Alliance kabla ya uhuru, waziri, na rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976. Mimi namheshimu zaidi kwa mwaka 1979, wakati Kericho na Bomet zilipokuwa bado wilaya moja. Mwaka huo Kenya Literature Bureau ilitoa vitabu vyake viwili, Oral Traditional History of the Kipsigis na A Study of Kalenjin Linguistics. Kabla yake, Wakipsigis, Wakalenjin wa huku kwetu, walikuwa wameandikwa na wageni: Peristiany mwaka 1939, kisha Orchardson, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Kazi zao zina thamani. Lakini Toweett aliandika juu ya lugha aliyoinyonya kwa mama yake.

Kazi ya namna hiyo huanza sikioni. Historia ya marika, tangu Maina, Chumo na Sawe, ilikaa vinywani mwa wazee muda mrefu kabla ya kuingia kitabuni. Kikalenjin nacho ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na tahajia ya kawaida haionyeshi hilo. Anayetaka kuiandika sarufi yake sharti asikie kile ambacho herufi zinakipoteza. Kwa hiyo, fundi akiniuliza Toweett afanye nini katika shaba, nitamjibu: asikilize.

Hapo ndipo ufundi hupimwa. Mtu anayesikiliza kwa makini hufanya mambo madogo sana. Kidevu hushuka kidogo, kichwa kikainamia upande wa sikio zuri. Msuli unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga hujitokeza upande mmoja. Midomo hufungwa bila kukazwa. Macho humwacha msemaji na kutua chini, hatua chache mbele. Fundi akizidisha kidogo, msikilizaji anakuwa mtu anayesinzia. Akipunguza, anakuwa mtu anayengoja zamu yake aseme. Na macho yenyewe hayachorwi, huchimbwa: kishimo cha mboni kikiwa na kina cha kutosha, kivuli hutulia ndani yake na sanamu ikapata mtazamo. Vidole ndivyo vinavyojua kipimo, kama vile vya mchuma chai wa mashamba yetu vinavyokata majani mawili na chipukizi bila kungoja jicho.

Baada ya udongo huja moto. Umbo hutolewa kalibu, kalibu hupakwa nta ndani, nta huvishwa ganda linalostahimili joto. Ganda likichomwa, nta huyeyuka na kuacha nafasi tupu, nayo shaba iliyochanganywa na stani humiminwa humo ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande, vikaungwa, kisha fundi akapita na tindo na msasa kila kiungo mpaka kipotee. Kosa lililobaki shingoni kwenye udongo litabaki shingoni kwenye shaba. Ndiyo maana ninasema kazi hii inahitaji muda, na muda unahitaji malipo.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kericho na Bomet zina uwezo wa kuagiza sanamu hii kwa pamoja. Zimchague fundi kwa kazi za mikono yake, zimlete aketi na wazee na kuzitazama shingo zao wanaposikilizana, wala zisimharakishe kwa sababu ya sikukuu ya kitaifa. Na kabla hajakunja chuma cha kwanza, vile vitabu viwili viwe vimerudi kwenye rafu za maktaba zetu, ili kijana atakayesimama mbele ya sanamu na kuuliza mzee huyu anasikiliza nini apate kwenda kusoma jibu siku hiyohiyo.