Maneno ya Mwalimu na Wanafunzi katika Somo la Kiingereza

Apitaye karibu na darasa huku Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, saa ya somo la Kiingereza, husikia watoto wakiitikia kwa sauti moja, akadhani ya kuwa lugha ile yasemwa sana. Haisemwi, huitikiwa tu. Mwalimu hukata neno katikati, akapandisha sauti, nao humalizia kilichobaki. Asema, “Pemba is an is…,” wao wajibu, “land!” Kisha huwauliza kama wameelewa, na wote husema “Yes”, hata yule asiyejua lililosemwa.

Wako wasemao ya kuwa mtindo huu umetoka chuoni, ambako mtoto hufuatisha asomalo mwalimu. Sikubali. Chuoni mwalimu humwita kila mtoto mbele yake, akamsikiliza peke yake, wala hampi somo jipya mpaka lile la kwanza limekaa. Sisi tumechukua kuitikia, tukaacha kusikiliza.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Uingereza, Sinclair na Coulthard, walieleza ya kuwa mazungumzo ya darasani mara nyingi huenda kwa hatua tatu: mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, mwalimu hulipima jibu. Basi zamu mbili katika tatu ni za mwalimu, na swali lenyewe ni la jambo alijualo. Lakini mtoto wa Uingereza akitoka shuleni huikuta lugha ile nyumbani na sokoni. Wa Gombani hukuta Kiswahili. Neno asilolitamka darasani pengine hatalitamka popote. Nayo si hasara ndogo, kwa kuwa sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano.

Dawa si kukipiga marufuku Kiswahili. Mwalimu akifafanua neno gumu kwa Kiswahili hakukosa. Hukosa akiisha kufafanua akaendelea kusema peke yake. Na mtoto aadhibiwaye kwa Kiswahili chake hajifunzi Kiingereza, hujifunza kunyamaza.

Husemwa pia ya kuwa adabu yetu haimruhusu mdogo kumhoji mkubwa. Je, vitendawili? Mtoto husema, “Kitendawili!” na babu yake hujibu, “Tega!” Babu akishindwa hudaiwa mji, naye hutoa mji huku akicheka, wala heshima haikuvunjika. Hapo mdogo ndiye aulizaye, na jibu analo yeye.

Kwa nini isiwe hivyo katika somo la Kiingereza? Watoto wakae wawili wawili. Mmoja afiche kitu mkononi, karafuu au ufunguo, mwenziwe amwulize kwa Kiingereza mpaka akijue, kisha wabadilishane. Mwalimu apite kati yao akisikiliza. Kelele zitakuwa nyingi zisizo na mpango, na mkaguzi akitokea huenda asipendezwe.