Neno "kama" katika kitabu cha mtoto aliyetekwa

Kuna kitabu ambacho yafaa kiwe katika maktaba ya kila seminari ya Kivu. Mwandishi ni Junior Nzita Nsuami, Mkongomani. Jina lake kwa Kifaransa ni Si ma vie d'enfant soldat pouvait être racontée, maana yake: "Kama maisha yangu ya mtoto askari yangeweza kusimuliwa". Mwaka 1996, akiwa na miaka 12, mwandishi alikamatwa shuleni katika Kivu ya Kaskazini na askari wa AFDL, akafanywa kadogo. Alitoka jeshini mwaka 2006.

Watu wa Masisi na Walikale hawana haja ya kuelezwa mambo hayo. Vita ile ilipita kwao kuelekea Kisangani, mji uliotekwa tarehe 15 Machi 1997. Zikafuata nyingine, na mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre na Walikale-centre. Katika miaka hiyo yote watoto walipelekwa porini: hawa kushika bunduki, hawa kubeba mizigo, wasichana kufanywa wake wa askari. Wengine walirudi, nao wanakaa Dominika katika viti vya makanisa yetu.

Tutazame basi neno la kwanza la kitabu: "kama". Mwandishi amekwisha kusimulia, na bado anasema "kama yangeweza kusimuliwa". Msomaji wa haraka atadhani ni pambo tu. Sivyo. Anatuonya tungali mlangoni kwamba yaliyoandikwa si yote, na kwamba yaliyobaki ni mali yake. Anayefungua kitabu hiki ili kuhesabu maovu amekosa njia.

Fratri mmoja ataniuliza: Je, Kanisa halitaki mwenye kutubu aseme aina na hesabu ya dhambi zake za mauti? Ndiyo, katika Sakramenti ya Kitubio. Lakini kitabu si kitubio, wala ushuhuda mbele ya watu si kitubio. Tena tumejifunza kwamba dhambi ya mauti yataka kujua vema na kukubali kwa hiari. Mtoto wa miaka 12 mbele ya bunduki alikuwa na hiari gani? Alitendwa mabaya, na kwa mikono yake akatendeshwa mabaya. Kumwambia "huna kosa, nenda zako" hakutoshi, maana dhamiri yake haikunyamaza. Kumwambia upesi "tubu" ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo.

Kitabu hiki peke yake hakitoshi, kwa kuwa ni cha mvulana. Kisomwe pamoja na Girl Soldier cha mwaka 2007, cha Grace Akallo wa Uganda na Faith McDonnell. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliteka wasichana 139 katika shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini, akarudi na 109. Akallo alikuwa kati ya wale 30 waliobaki. Humo sura zinapokezana: Akallo anasimulia maisha yake, McDonnell anaeleza nchi na vita yake. Hivyo msomaji hamlilii msichana tu, bali anauliza pia nani aliyewasha moto.

Kifaransa cha Nzita hakimfikii mama wa Masisi asiyejua lugha hiyo. Katekista akimsomea kwa Kiswahili, jioni katika shirika, atafanya kazi njema. Lakini asimgeukie kijana aliyerudi na kumwambia: "Simama, nawe utueleze yako." Siku atakayotaka kusema, atasema.

Msamaria alipomkuta mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, alianza kwa mafuta na divai. Injili haisemi kwamba alimwomba kwanza habari.